Mwalimu aliyechakaa hatibiwi kwa dawa ya nguvu

Huenda wewe ni mwalimu, au umeoana na mwalimu, au una mtoto shuleni. Kwa vyovyote vile jambo hili linakuhusu. Kila muhula hapa Pwani huja kliniki walimu wenye malalamiko yanayofanana: kichwa kinauma jioni, usingizi haupatikani, moyo unadunda, tumbo linachoma. Wakipimwa malaria hawana, na damu iko sawa. Wengi huomba sindano au chupa ya dawa ya kuongeza nguvu ili warudi darasani. Kwa maoni yangu hizo ni pesa za bure, kwani kinachowasumbua ni kuchakaa kutokana na kazi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilifafanua hali hii mwaka 2019. Halikuiita ugonjwa, bali tatizo linaloletwa na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kuikinai kazi, na kujiona kwamba lolote ulifanyalo halifai. Hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika kuulizwa. Mwalimu aliyewapenda watoto sasa hawezi kustahimili hata sauti zao. Si uvivu huo, wala hajarogwa, ingawa wapo waliokwisha kupelekwa kwa waganga kwa sababu hiyo.

Mengi ya haya yalianza mwaka 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa ajili ya korona, kafyu ya usiku ikaanza tarehe 27 mwezi huo, na tarehe 8 Aprili watu wakakatazwa kuingia wala kutoka Kilifi, Kwale na Mombasa. Hoteli za Malindi na Watamu zikafunga, watalii wakaenda zao, na wazazi waliozitegemea wakakosa karo. Shule nyingi za kibinafsi zikaacha kulipa mishahara, na walimu wengi walioajiriwa na bodi za shule wakabaki mikono mitupu. Wale wa TSC waliendelea kulipwa, lakini hawakukosa majirani wa kuwaambia kwamba wanakula vya bure.

Hapo ndipo simu ilipogeuka darasa. Mwalimu alinunua bando kwa pesa zake, akatuma zoezi kwa WhatsApp, kisha akamsubiri mtoto ambaye simu ni ya babake, na baba yuko baharini au shambani hadi jioni. Jibu liliingia saa tatu usiku: picha ya daftari isiyosomeka. Vijijini Ganze na Magarini wako watoto ambao hawakufikiwa kabisa. Nadhani kilichowamaliza walimu zaidi ya kazi yenyewe ni kufundisha bila kuona uso wa anayefundishwa, na bila kengele ya kusema sasa basi. Kisha Julai mwaka huo Waziri Magoha akatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Hebu fikiria ungejisikiaje.

Madarasa ya mitihani na gredi ya 4 yalirudi Oktoba 2020, na waliosalia Januari 2021. Badala ya mapumziko, mihula ikabanwa ili kufidia muda, hadi kalenda ya kawaida iliporejea Januari 2023. Na makundi ya WhatsApp hayakufungwa. Yapo mpaka leo.

Mwili umeumbwa kukabili hatari kisha upoe. Usipopoa, homoni za msongo hubaki juu, presha hupanda, sukari huvurugika, usingizi hukatika. Hakuna vitamini inayorekebisha hayo ikiwa simu inalia saa nne usiku.

Kwa hiyo wewe mzazi unayeuliza zoezi la mtoto usiku, subiri asubuhi. Mwalimu mkuu, weka saa ambazo kundi hufungwa, na uzifuate wewe kwanza. Nawe mwalimu, usijitangazie ugonjwa huu mwenyewe: upungufu wa damu, kisukari, matatizo ya tezi ya shingo na sonona hufanana nao sana, nayo yana matibabu yake. Pimwa. Ukiwa na mawazo ya kujiua, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie mtu wa nyumbani akusindikize.

Nikiona inafaa, huandika likizo ya ugonjwa ya siku kadhaa. Lakini kabla ya kutia sahihi humuuliza mwalimu ni nani atakayejibu kundi la wazazi siku hizo. Wengi hunitazama tu.