Sindano haitaki ujasiri wa bandia

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Ukimtazama muuguzi mzoefu akitoa damu utadhani ni kazi rahisi. Mpira umefungwa, sindano imeingia, kichupa kimejaa na pamba iko mahali pake. Lakini muulize mwanao aliye katika chuo cha uuguzi. Huenda akakwambia kwamba usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya kazi hiyo hakupata usingizi.

Hofu hiyo si aibu. Kinachodhuru ni kuificha.

Chuoni, mwanafunzi huanza na mkono wa bandia, ambao haulii wala haushtuki. Wodini mambo hugeuka, na huko ulimi hutangulia sindano. Msalimu mgonjwa, mwambie wewe ni mwanafunzi, mweleze unachotaka kufanya, kisha ungoje akubali. Mwache ataje majina yake mwenyewe. Usimwulize, "Wewe ndiye fulani?" kwani mwenye homa kali aweza kuitikia jina lolote.

Mshipa nao hutafutwa kwa kidole, si kwa jicho. Funga mpira upana wa vidole vinne au vitano juu ya utakapodunga, halafu upapase kunjo la kiwiko. Vena hubonyea na kurudi. Ukihisi mapigo, hiyo ni ateri, iache. Pangusa kwa spiriti sekunde 30, uiache ikauke yenyewe. Usipulize, wala usipashike tena. Sindano iingie kwa mshazari wa nyuzi 30 au chini, tundu likitazama juu.

Mpira usikae mkononi hadi dakika 2, nao ufunguliwe kabla ya sindano kutoka, la sivyo damu huvuja chini ya ngozi. Mgonjwa abonyeze pamba, mkono ukiwa umenyooka. Wengi hupenda kuukunja, na kumbe ndivyo alama nyeusi hupatikana.

Sasa sikiliza kwa makini, mwanafunzi. Andika jina kwenye kichupa papo hapo, kando ya kitanda, kabla hujapiga hatua. Kukosa mshipa humuumiza mgonjwa kwa dakika chache, lakini kukosea jina kwaweza kumuua. Damu ya kupimwa kundi ikiandikwa jina la mwingine, mgonjwa aweza kuongezwa damu isiyolingana na yake.

Sindano iliyotumika usiivishe tena kifuniko. Itie moja kwa moja katika kisanduku cha usalama. Na ikikudunga? Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha mweleze msimamizi mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zafaa kuanzwa mapema iwezekanavyo, wala zisipite saa 72, nazo humezwa kwa siku 28. Wanaonyamaza kwa kuogopa kukemewa huzipoteza saa hizo bure.

Ukikosa mshipa, usichimbechimbe kwa sindano ndani ya nyama, kwani neva na ateri ziko karibu. Ichomoe, uombe radhi, na ujaribu tena kwa sindano mpya. Ukikosa mara ya pili, mwite mwenzako mzoefu. Kuuliza si ujinga. Anayejaribu mara ya tano ili asionekane dhaifu analinda jina lake kwa maumivu ya mwingine.

Nawe msomaji ambaye si mwanafunzi, una sehemu yako. Una haki ya kukataa kudungwa na anayejifunza, na hapana atakayekulaumu. Ukikubali, mwambie ni mkono upi hutoa damu kwa urahisi, na kama huwa unazirai ukiona damu umwambie mapema ili akulaze. Kisha mpe nafasi atulie. Watu wa nyumbani wakisimama wakimkodolea macho, mkono wake hutetemeka zaidi.

Hakuna muuguzi aliyezaliwa akijua kazi hii. Yule atakayempata mshipa mama yako usiku wa manane, akiwa hajiwezi, ujuzi huo ataupata kwenye mikono ya watu waliokubali kudungwa na mwanafunzi.