Tahadhari: Damu Ni Yako, Sindano Je?

Kama umeshatumiwa ile ofa ya "njoo na mashosti wawili, mmoja bure" ya kuchomwa damu usoni au kichwani, usilipe kwanza. Wauzaji wanasema ni damu yako mwenyewe, hivyo haiwezi kukudhuru. Damu yako kweli haikudhuru. Kinachodhuru ni yale yanayoipata kuanzia inapotoka mkononi mpaka inaporudishwa mwilini.

Mwaka 2018, New Mexico, Marekani, mwanamke mmoja alikutwa na VVU. Hakuwa anajidunga dawa za kulevya, hakuwa ameongezewa damu, na mwenzi wake alipimwa akakutwa hana. Alichokumbuka ni kuchomwa PRP usoni, yaani hiyohiyo damu ya mtu mwenyewe, kwenye saluni moja ya urembo. Wakaguzi walipoingia humo walikuta mirija ya damu isiyo na majina juu ya kaunta ya jikoni, mingine ndani ya friji pamoja na chakula, na sindano zisizo na vifungashio kwenye madroo. Saluni ikafungwa mwaka huohuo. Ripoti iliyotolewa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, mwaka 2024 ilihusisha huduma za humo na maambukizi ya wateja wasiopungua watatu ambao hawakuwa na njia nyingine inayojulikana ya kuyapata. Mwenye saluni hakuwa na leseni ya udaktari.

Damu ya mtu kumfikia mwingine haihitaji jiko chafu. Damu ikishatolewa huzungushwa kwenye mashine ili sehemu zake zitengane, na mashine hiyo lazima ipate uzito sawa pande zote mbili, la sivyo hutikisika. Kliniki makini huweka mrija wa maji upande wa pili. Inayobana matumizi huweka mrija wa mteja mwingine. Ikisimama, mirija yote hufanana: njano juu, nyekundu chini. Sasa rudi kwenye ile ofa ya watu watatu, halafu jiulize nani atajua upi ni wako.

Majina ya huduma hizi nayo yanachanganya watu. PRP ni maji ya damu yenye chembe sahani nyingi, yanayopatikana baada ya damu kuchanganywa na dawa ya kuzuia isigande. PRF haiwekewi dawa hiyo. Damu huzungushwa polepole zaidi, ikawa kama utelezi wa fibrini, protini inayogandisha damu, unaoachia viamsha ukuaji kwa siku kadhaa. Kwa kuwa huganda haraka, anayeichelewesha mezani ameshaiharibu. Kwa usalama hazitofautiani sana, zote ni damu yako na zote zinategemea mikono ya mtu. Eksosomu, chembe ndogo zinazouzwa kwa kazi hiyohiyo, ni habari nyingine kabisa. Hizo huja kwenye kichupa, zimetolewa kwenye seli za mtu usiyemjua au kwenye mimea, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2019 baada ya wagonjwa wa Nebraska kupata madhara makubwa. Zipo zinazouzwa kama vipodozi vya kupaka tu, na bado kuna wanaozidunga. Ukiletewa kichupa badala ya kutolewa damu, ondoka.

Na hela yako inanunua nini? Kwa upara wa kurithi, PRP imewasaidia baadhi ya watu, kwa awamu kadhaa, tena si wote. Lakini kwa dada ambaye nywele za pembeni zimeisha kwa kusuka kwa kubana miaka mingi, na ngozi imebaki laini inang'aa, vinyweleo vimeshakufa, hakuna damu itakayovifufua. Mwenye ngozi inayoota keloidi naye asiguswe na kalamu ya sindano, kile kifaa cha kutobolea ngozi, kabla ya kuonana na daktari wa ngozi.

Ukiamua kuendelea, dai leseni ya anayekuchoma, si cheti cha kozi ya wikendi kilichowekewa fremu. Mrija uandikwe jina lako ukiwa bado umekaa kitini. Bomba na kichwa cha kalamu vifunguliwe mbele ya macho yako, kisha vitupwe hapohapo kwenye kisanduku cha sindano. Akikasirika kwa kuulizwa, amekujibu.

Aliyekwisha kuchomwa mahali pa kutiliwa shaka asisubiri homa, maana homa ya ini aina ya C inaweza kukaa miaka bila dalili. Kama hazijapita saa 72, nenda hospitali leo ukaombe dawa za kuzuia VVU, zinazomezwa kwa siku 28. Kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri zaidi. Uliza pia chanjo ya homa ya ini B, ambayo inafaa zaidi ndani ya saa 24. Hata kama saa hizo zimepita, pima VVU na homa ya ini B na C, kisha rudia kipimo cha VVU baada ya miezi mitatu na vya homa ya ini baada ya miezi sita, kwa sababu vya sasa vinaweza kuonyesha huna maambukizi wakati unayo. Mpaka majibu hayo yatoke, tumia kondomu na usichangie damu.