Baiskeli Haihitaji Mlima, Inahitaji Amani

Wasee, nani alisema lazima upande Ngong ndio uitwe mwendesha baiskeli? Mimi nasema njia tamu kuliko zote ni ile tambarare, kando ya mto, bila gari.

Cheki mto Danube. Kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna ni zaidi ya kilomita 300, na sehemu kubwa haina magari. Zamani farasi walipita kandokando ya mto huo wakivuta mashua dhidi ya mkondo. Injini zikaja, farasi wakastaafu, njia ikabaki. Leo hata shosho na mjukuu wake wanaendesha hapo bila presha.

Sasa tuje kwetu. Budalang'i kuna matuta ya kuzuia mafuriko ya Nzoia. Ni Busia hiyo hiyo, kaunti iliyotupa boda boda enzi ikiwa baiskeli. Matuta yakikarabatiwa, juu yake tuweke njia ya baiskeli, magari yasikanyage. Si ya watalii. Ni ya mwanafunzi na mama samaki, ambao kwenye lami lori huwasukuma hadi mtaroni.

Kufika nyumbani mzima si anasa. Ama mnasemaje?