MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Siku Moja Bagamoyo

Mwanafunzi atokaye Ulaya au Marekani kuja kujifunza Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hayapiti majuma mengi kabla hajapelekwa Bagamoyo. Huondoka asubuhi kwa gari, mwendo wa kilomita 70 hivi, na jioni amekwisha kurudi. Katika saa hizo chache huonyeshwa magofu ya Kaole, Boma la Wajerumani, milango ya nakshi ya mji mkongwe, mnara wa kanisa la kwanza la misioni, kisha ufuko wenye majahazi. Watoto wetu wa Tabora wasomao pwani nao hupelekwa vivyo hivyo. Huturudia na picha, na habari moja: kwamba jina la mji ule ni kilio cha mtumwa aliyeiona bahari akaubwaga moyo wake, asitumaini tena kurudi kwao.

Habari hiyo siikatai. Watumwa walipita Bagamoyo, na mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868 walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa. Wala sisi wa Unyamwezi tusijifanye wageni wa jambo hili, maana katika wazee wetu wako waliouzwa, na wako waliouza. Lakini bandari ya bara iliyopitisha watumwa wengi kupita zote ilikuwa Kilwa. Mali kubwa ya Bagamoyo ilikuwa pembe za ndovu, na waliozishusha pwani walikuwa wapagazi, watu wa ujira, wengi wao Wanyamwezi. Kwao hao kubwaga moyo ni kutua. Mzigo umeshuka begani, hongo ya Ugogo imekwisha kulipwa, sasa mtu na apumue, ale samaki, angoje msafara wa kurudi. Maana zote mbili husimuliwa huko pwani hata leo. Mbona basi mtoto wetu arudi na moja tu, tena ile isiyomtaja babu yake?

Itazameni kazi yenyewe. Toka hapa hata Bagamoyo ni kilomita 800 hivi, na msafara ulikwenda miezi mitatu. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali ya mkeka na chungu na chakula cha mpagazi mwenyewe. Na wachukuao pembe walitwishwa zaidi. Mbele alitangulia kirangozi, na nyuma wengi walifuatwa na wake zao, waliopika na kubeba vitu vya safari, ingawa wao hawatajwi sana katika vitabu vya wasafiri. Walishuka wakati wa kiangazi, wakajitahidi kuwahi mvua ili walime. Kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa mtoto bado. Hayo ndiyo yalikuwa masomo ya ugenini ya wazee wetu, na aliyehitimu alirudi na nguo, na majembe, na Kiswahili. Mambo hayo yalidumu hata reli ilipofika Tabora mwaka 1912, ndipo mabega yakapumzika.

Katika mnara ule ambao wanafunzi hupiga picha, iko habari nyingine ambayo nusu yake ni ya hapa kwetu. Mwaka 1872 Dk. Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa akingoja watu ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Mmoja wao aliitwa Jacob Wainwright, Myao aliyetolewa utumwani angali kijana, akapelekwa Uhindi kusoma katika shule ya misioni ya Nasik. Huyo naye alikuwa mwanafunzi wa nchi ya mbali. Livingstone alipokufa kwa Chitambo mwezi wa Mei 1873, Jacob ndiye aliyesoma sala za maziko na kuchonga maneno katika mti. Kisha Susi, Chuma na wenzao, wanaume kwa wanawake, waliuchukua mwili. Walipofika Unyanyembe wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza, naye akawashauri wauzike papa hapa. Wakakataa. Mbele ya safari wenyeji walipotishia kuwazuia, waliufunga kama mtumba wa nguo, wakapita. Walifika Bagamoyo tarehe 24 Februari 1874, na mwili ukalala misioni kabla ya kuvushwa Unguja.

Hivyo baada ya mwendo wa miezi tisa, hata wao hawakupewa Bagamoyo zaidi ya muda mfupi. Waliobeba walilipwa ujira wao, wakaambiwa kwaheri. Aliyepandishwa merikebu kwenda Uingereza pamoja na mwili ni Jacob, kwa kuwa alisoma na kusema Kiingereza, naye alikuwa miongoni mwa waliolisindikiza jeneza katika kanisa la Westminster tarehe 18 Aprili mwaka ule. Susi na Chuma, waliomtumikia marehemu miaka mingi kuliko yeye, walifika Uingereza maziko yamekwisha. Walimu wenzangu, hapo pana neno la kuzungumza na watoto darasani, maana sisi tunaowafundisha kusoma twapenda sana kuwasifia Jacob tu.

Naye Jacob hakukaa Ulaya. Alirudi Afrika, akapanda tena njia ile ile ya misafara, akafia Urambo, magharibi ya Tabora, mwaka 1892. Mgeni aliyefika Bagamoyo kwa siku moja hawezi kuyajua hayo yote, wala simlaumu. Lakini ninyi wazazi ambao vijana wenu watakwenda pwani mwaka huu, wapelekeni kwanza Kwihara, walione tembe alimokaa Livingstone, na wamwulize mzee yeyote aliye hai kama amepata kusikia habari za upagazi katika ukoo wao. Nauli yake si kitu mbele ya ile ya Bagamoyo.