Kusubiri Hakulingani
Mwenzetu mmoja alidai darasani kwamba korona ilitutesa sote sawasawa. Mfano wake? Matajiri wa Ulaya waliosubiri magari mapya ya mbio miezi mingi mwaka 2021, kwa kuwa viwanda vilikosa chipu. Napinga! Juni 2020, pikipiki za abiria ziliporuhusiwa kurudi barabarani nchini Rwanda, hapa Rusizi na kule Rubavu zilizuiwa. Dereva aliitazama pikipiki yake mlangoni, tangi lina mafuta, watoto wana njaa. Mama muuza mboga naye hakuweza kuvuka daraja kwenda Bukavu, ingawa malori ya mizigo yalipita. Tajiri alisubiri akiendesha gari lake la zamani. Mama huyo angesubiri akila nini?