MASHAURI KWA WASOMAJI: Kuitwa Mbele ya Bodi ya Kaunti

Nafasi moja ya kazi inapotangazwa katika kaunti, wengi huandika, wachache huitwa, na mmoja huajiriwa. Yule aliyeitwa aghalabu hufurahi kana kwamba kazi amekwisha kuipata, kisha siku zilizobaki huzitumia kutafuta mtu wa kumsemea. Hilo ndilo jambo ninalotaka kulizungumza leo, kwa faida ya vijana walioitwa na ya wazazi wao pia, kwa maana mara nyingi mzazi ndiye atoaye nauli, na pengine ndiye auzaye ng'ombe.

Yafaa tufahamu kwanza kwa nini mtu huitwa. Vyeti vyake vimekwisha kusomwa, na kama elimu peke yake ingetosha, angeletewa barua ya kazi nyumbani. Huitwa ili aonekane yeye mwenyewe: kwamba husikiliza kabla ya kujibu, kwamba asemayo ni kweli, kwamba anaweza kukata shauri, na kwamba hatawadharau watu wenye shida watakaokuja mezani pake. Kinachopimwa siku hiyo ni tabia ya mtu na akili yake anapokutana na jambo asilolitazamia.

Haki hii ya kupimwa kwa sifa haikupatikana bure. Mwaka 1948 tume ya Holmes ilikubali kanuni ya kwamba mtumishi wa serikali asiye Mzungu alipwe sehemu 3 kwa 5 za mshahara wa Mzungu mwenye elimu ile ile. Tume ya Lidbury, katika ripoti yake ya mwaka 1954, ndiyo iliyopendekeza mishahara isipimwe tena kwa rangi. Leo Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 232, yasema kwamba watu waajiriwe katika utumishi wa umma kwa mashindano ya haki na kwa sifa zao. Basi atafutaye kuingia kwa mlango wa nyuma huidharau haki ambayo makarani wa zamani waliitamani wasiipate.

Bodi za utumishi wa umma za kaunti ziliwekwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, moja katika kila kaunti kati ya kaunti 47. Na tuchukue mfano wa mtu aliyeitwa kwa ajili ya kazi ya msimamizi wa wadi. Afanye nini?

Jambo la kwanza, aijue kazi yenyewe. Sheria hiyo yampa msimamizi wa wadi kazi ya kuangalia huduma za kaunti katika wadi yake, kutunza majengo na vifaa vya umma, na kuwakutanisha wananchi ili watoe maoni yao juu ya mipango ya maendeleo. Asimchanganye na chifu, ambaye ni mtumishi wa serikali ya kitaifa, wala na mwakilishi wa wadi, aliyechaguliwa kwa kura kuingia katika Bunge la Kaunti. Watu hawa watatu hufanya kazi mahali pamoja, na ugomvi kati yao huwaumiza wananchi. Asishangae akiulizwa atakavyopatana nao.

Jambo la pili, aijue kaunti. Jedwali la Nne la Katiba laeleza ipi ni kazi ya kaunti na ipi ni ya serikali ya kitaifa. Kilimo na mifugo, zahanati na vituo vya afya, barabara za kaunti, masoko na shule za chekechea ni mambo ya kaunti. Polisi, shule za msingi na za sekondari, na vyuo vikuu si vyake. Mtu anayeahidi mbele ya bodi kwamba ataongeza walimu wa sekondari ameonyesha kwamba hakusoma. Na ausome mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka 5 pamoja na bajeti ya mwaka, apate kujua wadi imetengewa nini.

Walakini karatasi hazitoshi. Na atembee katika wadi. Aone zahanati ina dawa au haina, josho la ng'ombe lafanya kazi au limekauka, soko lina choo au halina. Hapa mzazi aliye mkulima ni mwalimu bora kuliko kitabu, kwa kuwa ndiye ajuaye barabara ipi haipitiki wakati wa masika na maziwa huharibikia wapi. Kijana na amwulize baba yake na mama yake maswali hayo kabla bodi haijamwuliza yeye.

Jambo la tatu, ajijue mwenyewe. Na aisome tena barua yake ya maombi, kwa sababu bodi inayo mbele yake. Kama aliandika kwamba alikuwa mweka hazina wa chama cha ushirika, awe tayari kueleza fedha zilihifadhiwaje na hesabu zilikaguliwa na nani. Kama hakufanya, asiandike kamwe. Njia ya mwongo ni fupi, na mbele ya watu watano wanaouliza kwa zamu huwa fupi zaidi. Akiulizwa asilolijua, aseme kwa adabu kwamba halijui, na aeleze angelitafuta wapi. Kukiri namna hiyo ni uungwana. Kubabaisha humwondolea msemaji imani hata katika yale anayoyajua.

Jambo la nne, ajizoeze kufikiri juu ya shida iliyo hai. Tuseme aulizwe hivi: wachuuzi wa soko wamekataa kulipa ada kwa kuwa takataka hazikuzolewa kwa majuma mengi; utafanya nini? Mmoja atajibu kwamba ataita askari. Mwingine atajibu kwamba atawasamehe ada. Wote wawili wamekosa, kwa maana wa kwanza hakuwasikiliza watu, na wa pili amesamehe fedha zisizo zake. Mwenye busara ataeleza kwa mpangilio: ataenda sokoni kusikiliza, atakagua takataka zenyewe, atamwarifu mkubwa wake wa kaunti ndogo na idara inayohusika, atawapa wachuuzi siku ambayo kazi itafanywa, naye atarudi siku hiyo kuhakikisha. Kisha ndipo atakapozungumza nao juu ya ada. Jibu la namna hii halikaririwi. Hutoka kwa mtu aliyezoea kuuliza nani ameumia na nani ana mamlaka.

Kuhusu adabu za chumbani, mambo ni machache. Afike mapema. Avae nguo safi zilizopigwa pasi. Si lazima ziwe za bei kubwa. Awasalimu wote, aketi akikaribishwa, amtazame anayemwuliza, na asimkatize. Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi kwa ibara ya 7 ya Katiba, basi ajibu kwa lugha aliyoulizwa, kwa sentensi fupi na sauti ya kawaida. Siku chache kabla, amwombe mwalimu mstaafu au karani mzoefu amwulize maswali kwa muda wa nusu saa, naye ajibu akiwa ameketi wima. Zoezi hili halina gharama yo yote.

Sasa nawageukia wazazi. Atakuja mtu jioni, mwenye maneno matamu, aseme kwamba anajuana na wakubwa, na kwamba kazi ya kijana iko tayari ila yahitaji kitu kidogo. Mfukuzeni. Kwa Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, mtoaji na mpokeaji wote wana hatia, na adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 10, au faini ya shilingi milioni 5, au yote mawili. Tena mtu huyo huchukua fedha kwa wazazi kumi, na kijana mmoja akifaulu kwa juhudi zake, yeye husema, “Mmeona kazi yangu!” Wale tisa hawana pa kushtaki. Ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya karo huacha elimu nyumbani, lakini aliyeuzwa kwa ajili ya hongo huacha zizi tupu na hofu.

Wala kijana asikate tamaa kwa kuwa kabila lake ni dogo katika kaunti aliyoomba. Sheria ile ya mwaka 2012 yaitaka bodi kuzingatia kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziwaendee watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa mahali hapo. Na akiona ametendewa isivyo haki, asipige kelele barabarani. Aandike rufani kwa Tume ya Utumishi wa Umma katika muda wa siku 90 tangu uamuzi kutolewa, akieleza tarehe, nafasi aliyoomba, na kosa analolalamikia.

Yawezekana kijana wako akajiandaa vema na nafasi ikaenda kwa mwingine, kwa kuwa nafasi ilikuwa moja. Hata hivyo hakupoteza kitu. Ameijua wadi yake kuliko wengi wanaoitawala, na siku ya mkutano wa bajeti ataweza kusimama akauliza josho limekauka kwa nini. Wananchi wa namna hiyo ndio wanaotakiwa, walioajiriwa na wasioajiriwa. Nawatakia heri wote watakaoitwa.