Mjamzito, Ulizia Homa ya Ini B Kabla ya Uchungu

Kina mama wajawazito wa Kakola, Nyarugusu, Rwamgasa, Mwakitolyo na kila penye karasha la kusaga mawe ya dhahabu: msitoke kliniki bila kujua kama mna virusi vya homa ya ini B. Majibu ya VVU na kaswende hayasemi lolote kuhusu ini. Yote mawili yanaweza kuwa salama, na virusi vikawemo.

Usingoje macho yageuke njano. Wengi wenye virusi hivi hawaumwi chochote kwa miaka. Wanaponda mawe, wanapika, wanabeba mimba. Wala hii si homa ya manjano, ile ya mbu. Hii hupita kwenye damu, kwenye ngono isiyo na kinga, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Nje ya mwili virusi huishi siku 7 au zaidi, hata damu ikishakauka. Wembe mmoja unaozunguka kambini kwa wanaume wanne, au ule wa kuchanjia chale unaofutwa kwa kitambaa tu, unatosha. Baba akishaambukizwa huko, humletea mkewe virusi bila yeye mwenyewe kujua.

Hofu yangu kubwa ni mtoto. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili huvishinda virusi. Watoto wanaoambukizwa wakizaliwa, kama 9 kati ya 10 hubaki navyo, na wengine ukubwani ini lao husinyaa au hupata saratani. Chanjo ya pentavalenti huanza wiki ya 6. Kwa mtoto wa mama mwenye virusi, huko ni kuchelewa. Anahitaji chanjo ya homa ya ini B ndani ya saa 24 tangu azaliwe, na si kila zahanati inayo. Uchungu ukishaanza usiku, hakuna wa kuitafuta.

Kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidole na dakika zipatazo 20. Ukikutwa na virusi, daktari anaweza kukuanzishia tenofovir, dawa ambayo tayari imo kwenye vidonge vingi vya ARV, ili kumkinga mtoto. Usiombe kidonge kwa jirani, wala usiache dawa ghafla. Ukiiacha, virusi vinaweza kuchachamaa na kuumiza ini. Na tafadhali, usimnyime mtoto ziwa: akishachanjwa, ananyonya kama kawaida.

Huku kwetu rashi ya dhahabu ikitajwa, familia huhama kesho yake na kliniki husahaulika. Hama na kadi yako, majibu yakiwa yameandikwa, umwonyeshe mkunga wa huko uendako. Kina baba, mkapimwe nanyi. Asiye na virusi achanjwe.

Kama mimba yako imefika mwezi wa saba na hujapimwa, nenda wiki hii. Zahanati yenu ikikosa kipimo, omba rufaa ya kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na uulize hapohapo chanjo ya saa 24 inapatikana wapi.